Sikukuu niliyoiadhimisha bila kuijua

Tanga,
13 Desemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Pangani, nikitumaini kuwa wewe na baba watoto mu wazima. Mwanao hajambo, anakula vizuri na kunisaidia kazi, na yeye ndiye sababu ya barua hii, kwa kuwa wiki hii ameniuliza jambo lililoninyima usingizi.

Jumatatu ya tarehe 8 nilirudi kutoka Misa nikiwa na kitenge changu cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki Tanzania, nikamkuta uani anachagua mchele. Akaniuliza, "Mama mkubwa, leo mna sikukuu gani?" Nikamjibu bila kusita kwamba ni siku Bikira Maria alipochukua mimba ya Yesu kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Aliweka ungo chini, akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa iweje mimba itungwe tarehe 8 na mtoto azaliwe tarehe 25 ya mwezi huohuo. Nilikosa la kusema. Jioni ilibidi nimfuate katekista, naye akanieleza kwamba sikukuu hiyo haihusu mimba ya Yesu hata kidogo, bali inamhusu Maria mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake, Anna, akiwa amekingiwa dhambi ya asili, fundisho ambalo Papa Pius wa Tisa alilitangaza rasmi mwaka 1854. Siku ya malaika kumpasha Maria habari tunaiadhimisha tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jina lenyewe, Mkingiwa Dhambi ya Asili, linasema kila kitu kwa Kiswahili kisichohitaji mfasiri, nami nimelitamka tangu Komunyo yangu ya kwanza.

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wa Marekani maswali 32 kuhusu dini, wakapata 16 kwa wastani, na kwamba Wakatoliki 45 katika kila 100 hawakujua Kanisa lao linafundisha nini kuhusu mkate na divai. Wakati ule niliwahesabu kuwa watu wa mbali waliozembea dini yao.

Lakini kuna jambo jingine, na hili linatuhusu wewe Mwislamu na mimi Mkatoliki. Mwanao alinisikia nikitaja Roho Mtakatifu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa akimfikiria Jibrili, kama alivyofundishwa madrasa, ilhali mimi nilikuwa nikimtaja Mungu mwenyewe katika Utatu. Tulitamka neno moja, kila mmoja na lake moyoni. Ndivyo ilivyo hata kwa Injili: kwenu ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, kwetu ni habari za Yesu zilizoandikwa na watu wanne. Sala, toba, malaika, nabii, sadaka, maneno haya yote tunachangia, na nadhani ndiyo yametufanya tuamini kwamba tunajuana, hata tusione haja ya kuulizana.

Usiku ule alinisomea Sura ya Maryam, ya 19, katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969. Alinisomea jinsi uchungu ulivyompeleka Maryam kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekwisha kufa kabla ya hayo, na jinsi alivyoambiwa alitikise shina hilo limwangushie tende mbivu. Nilitokwa na machozi, kwa kuwa nimezaa mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa kando yangu, lakini hukuwahi kunisimulia habari hiyo, wala mimi sikuwahi kuuliza. Katika hitma ya mama yetu nilimenya vitunguu na kuosha masufuria mpaka usiku, nikasikia Yasin ikisomwa ndani, nikadhani kwamba heshima yangu kwenu ni kunyamaza. Sasa naona kwamba ningekuuliza inasema nini, usingechukizwa.

Kwa hiyo nakuomba, utakapokuja kumchukua mtoto kabla shule hazijafunguliwa, ulale kwangu siku mbili. Nataka unieleze Yasin aya kwa aya, nami nitakueleza Misa tangu mwanzo hadi mwisho, maana nimeanza kuisoma upya kwa katekista. Kuna pia swali moja ambalo mwanao ameshindwa kunijibu, akasema nikuulize wewe: katika sura ileile watu wanamwita Maryam "dada wa Haruni", na Haruni ninayemjua mimi ni ndugu yake Musa, aliyeishi karne nyingi kabla yake. Siulizi kwa kukutega, dada yangu. Nataka kujua wazee wenu wamelieleza vipi jambo hilo, na kama hulijui, basi muulize sheikh kabla hujapanda basi.

Nduguyo akupendaye,
Mama mkubwa wa mwanao