Barua: Wenye kumbi na madijei, punguzeni sauti na sie wenye masikio mabovu tuje harusini

Mhariri, assalaam aleykum. Naomba nafasi kidogo nizungumze na wenye kumbi za harusi hapa Unguja na madijei wao, mana kadi zishaanza kuja nyingi na mimi kila nikiishika kadi nafikiria spika kwanza, bi harusi baadae.

Mimi nna mvumo wa masikio, spitali wanauita tinitasi. Ni mlio kama wa nyenje, haukatiki mchana wala usiku, usiku ndo mbaya zaidi mana kumetulia, hata feni naiwasha si kwa joto bali nipate sauti nyengine ya kusikiliza. Watu wa zamani wakisema sikio likilia ujue unasengenywa, basi mimi wangu hawali hawalali. Alivonieleza daktari ni kwamba ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vidogo vinavyopokea sauti, kelele kubwa inaviua, na kwa binaadamu vikishakufa havioti tena. Na mbali ya mvumo masikio nayo yanakuwa hayastahamili, sahani ikianguka kwa jirani mimi huku naruka.

Sasa jawabu la watu wengi ni "basi si usende". Nisende vipi? Harusi ya mtoto wa dada yangu nisende? Huku kwetu asokwenda kwa wenzake na kwake hawendewi, wala sio harusi tu, mtu akishazowea kujifungia ndani kwa kuogopa kelele anapotea mjini na yuhai.

Kuna ukumbi mmoja, sitoutaja, nilikalishwa meza ya ubavuni kwa spika, juisi ya ukwaju inatetemeka kwenye glasi, mama mdogo ananisemeza mdomo uko sikioni kwangu na bado simsikii. Nikatoa simu, mna programu ya kupimia sauti, najua si kipimo cha kuapia lakini ilipanda juu ya desibeli 100 na haikushuka. Kwa hesabu inayotumika makazini, desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hivo 88 ni masaa 4, ukifika 100 umebaki na robo saa. Robo saa, na sie hata bi harusi bado hajaingia! Na watoto ndo wenye kupenda kukaa chini mbele ya spika, wengine wachanga wamelala kwenye mapaja ya mama zao vifua vinapigwa na besi, hakuna anaejali.

Wala sisemi mziki uzimwe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango chake kwa kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15, awepo mtu anaeangalia kipimo, wageni wapatiwe vizibo vya masikio, na pawe na pahala pa utulivu mtu akapumzike. Hiyo 100 jamani ni mwisho wa juu, si pa kuanzia. Na tatizo la kumbi zetu mara nyingi si mziki wenyewe ni upangaji, spika mbili kubwa mbele, kuta za saruji, chini vigae, walioko nyuma wanalalamika hawasikii vizuri, dijei anaongeza, walioko mbele wanakufa. Si bora kutawanya spika ndogo ndogo na kuzinyanyua juu ya vichwa vya watu?

Kinachonishangaza zaidi ni rusha roho, hii taarabu ya kisasa. Kikundi cha taarabu ya asili cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, udi, fidla na ganuni, na mtu aliekaa nyuma alikuwa akiondoka na kila fumbo. Leo mtu katungiwa mpasho wa kumchoma mke mwenzake, katoka kutunza na pesa mkononi, na huyo alokusudiwa hasikii neno hata moja, anasikia dum dum tu. Sasa mpasho gani huo?

Wenzangu wenye tatizo kama langu, pamba haisaidii, na mtandio haisaidii vilevile. Tafuteni vizibo vya sponji, vyangu nilivipata Darajani duka la vifaa vya mafundi. Unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili unaupitisha nyuma ya kichwa unalivuta sikio juu, unakitia, alafu unakishikilia kidogo mpaka kivimbe kijae. Ukikitia nusu nusu ni kama hujatia kitu. Ndani ya mtandio haviyonekani, hakuna atakaekuuliza. Vipo na vya wanamuziki, vina kichujio, sauti inashuka lakini nyimbo inabaki safi, bei yake tu ndo juu. Kaeni mbali na spika, tokeni nje kila baada ya muda, na mkirudi nyumbani vivueni, mana ukivivaa siku nzima pasipo na kelele masikio yanazidi kuwa mepesi, kelele ndogo inakuwa kubwa. Na alieanza kusikia mvumo sikio moja tu, au usikivu umeanguka ghafla, asikae kutiwa mafuta ya moto, ende spitali haraka.

Kama yuko mwenye ukumbi anasoma hapa na yuko tayari kuweka boksi la vizibo pale mlangoni wanapopokea kadi, na meza mbili tatu mbali na spika kwa sie wenye haja, basi ajitokeze humu humu gazetini, mimi nitakwenda kuwaonesha watu wake namna ya kuvitia, sitaki hata nauli.

Mpenda harusi,
Jang'ombe, Unguja