Ikizimika, iache

Matondoni, Lamu, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila punda, nitakueleza.

Dada yako amenionyesha ile video ya mashua yako ndogo ya rimoti. Mara ya kwanza nilitazama mashua. Mara ya pili nikakutazama wewe: maji ya mapaja, suruali umeikunja, na nyuma yako gugumaji limetanda kama mkeka. Hilo ni ziwa, si bahari ya kwetu. Hapo Dunga, Kisumu, kuna viboko, waulize wavuvi. Ikizimika, iache.

Mashua yenyewe imependeza, sikufichi. Niliposikia umetoboa tezi, nyuma ya mashua ile ya kazi ya babu yako, upitishe shafti, niliweka kikombe chini. Lakini tundu limekaa sawa na mkuku, uti wa chini wa mashua, na bomba la shafti umelijaza grisi maji yasipande. Hapo sina neno. Nyufa ndizo zinazonishughulisha. Mbao zile zimekauka miaka juu ya bati, na babu yako alikataza zisiwekwe juani. Aliyeziweka anajijua. Mbao ikinywa maji huvimba, epoksi, hiyo gundi yako, haivimbi nayo. Basi kama ni epoksi, ipake ndani na nje, maji yasipate pa kuingilia. Mimi ningepiga kalafati, nizibe nyufa kwa pamba na sifa, mafuta yetu ya papa. Nitakutumia chupa moja ya sifa kwa basi, ila ifunge vizuri, mwenzako wa chumbani asije akahama kwa harufu.

Na farumi, uzito wa kuituliza mashua, umetia kiasi gani? Lita ya maji ya bahari ni kama gramu 1,025, ya ziwa ni 1,000. Mashua ya kilo 4 hapa ingesukuma lita 3.9, huko inasukuma 4 kamili. Si tofauti kubwa, lakini kwenye video tezi imezama kuliko omo, yaani mbele. Sogeza betri mbele. Na hiyo betri usiichaji ukalala.

Sasa nirudi kwenye gugumaji. Rafadha ndogo kama ile, pangaboi la majini, mzizi mmoja unatosha kuifunga. Mota itang'ang'ana, itavuta umeme mpaka kile kidhibiti chake kipate moto kizime. Mashua imesimama mita 30, nawe uko ufukweni na rimoti mkononi, unaiona, karibu tu. Hapo ndipo ninapoogopa. Hapo usivue viatu.

Fundi wa simu wa hapa ameniambia mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini, kwa hiyo antena ukiilaza ngamani, chini tumboni mwa mashua, umejizimia mwenyewe. Ipandishe mlingotini. Na risiva uipange kwamba ikipoteza mawimbi, mota isimame, isije ikaenda zake Uganda. Lakini hata ukifanya yote hayo, siku moja itazimika. Unapoijaribu, ifunge mshipi wa kuvulia kwenye tezi. Ukisahau mshipi, mlipe mvuvi akakuletee. Pesa ya mvuvi nitatuma mimi, usiniulize mara mbili.

Utasema baba huyu huyu ndiye aliyenituma nifuate kasia majini. Ndiyo. Mamako bado ananihesabia siku ile, na mimi hesabu yake sina jibu.

Ungebaki nyumbani ungejenga za kubeba watu. Umechagua umeme, haya. Juzi gatini nilimwambia nahodha mmoja kwamba mwanangu anaendesha mashua huku amesimama nchi kavu. Akacheka. Nikamwonyesha video. Akaitazama mpaka mwisho, akauliza inauzwa. Nikamwambia haiuzwi, kisha nikakumbuka sikukuuliza.

Punda ana kidonda begani, hachukui mzigo wiki hii, kwa hiyo mchanga wa ukuta umebaki ufukweni. Makuti ya jikoni yanavuja upande wa meko. Mamako anataka mabati, mimi nasema jiko litakuwa tanuri. Shangazi yako anataka vipimo vya kanzu yako kabla ya harusi, mtumie leo, amenichosha.

Kitu kingine. Keekee yangu, ile ya kutobolea kwa mkono, siioni tangu uliposafiri. Video ile niliisimamisha penye tundu la tezi, nikaikuza. Tundu la drili ya umeme silo lile. Sisemi kitu. Usiitie kwenye basi, njoo nayo mwenyewe Idi.

Babako