Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Potifolio za watoto wa vitengo maalum ziwe na pa kwenda

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House B, Barabara ya Harambee,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: POTIFOLIO ZA WANAFUNZI WA MKONDO WA HATUA

Pokea salamu kutoka Pwani. Mimi ni mwalimu wa kitengo maalum katika shule ya umma, Kaunti ya Kilifi. Jina langu na la shule nimeyaacha kando, kwani watoto ninaowazungumzia wanajulikana kijijini na wazazi wao hawakunituma niwatangaze.

Matokeo ya mitihani yakitangazwa, nchi hii husimama. Ilisimama kwa KCPE hadi ile ya mwisho ya 2023, na ikasimama tena kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipofanya KJSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya tisa, mwaka 2025. Lakini wapo wanafunzi ambao hawapandi gredi. Ni wenye ulemavu wa akili, wenye usonji mzito, wenye mtindio wa ubongo uliokithiri, viziwi wasioona, na wale wenye ulemavu zaidi ya mmoja. Mtaala umewawekea mkondo wao wa hatua nne: ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi na ya ufundi wenyewe. Mwishoni mwa hatua ya kati wana tathmini yao, KILEA. (KPSEA, KILEA, KJSEA: mzazi asiyesoma amezoea kutikisa kichwa tu.) Kuwepo kwa mkondo huo ni jambo jema, na waliopigania tunawashukuru. Ninaloleta mbele yako ni kile kinachopaswa kubeba ushahidi wa mtoto wa mkondo huo, yaani potifolio yake, faili la kazi zake.

Chukua mfano wa kijana mmoja aliye katika maandalizi ya ufundi. Hasomi sentensi, na maneno anayotamka ni machache. Kazi aliyoikubali ni kukuna nazi. Faili lake linaanza muhula wa kwanza: amekaa juu ya mbuzi, mikono yake imeshikwa na mikono ya mwalimu. Karatasi inayofuata inasema anaguswa kiwiko tu. Muhula wa pili hashikwi tena, ila lazima aambiwe “geuza” kila kizio kinapotaka kugeuzwa. Baadaye anageuza mwenyewe, lakini hajui kuacha. Anakuna mpaka anafikia ile ngozi ya kahawia na nazi yote inachafuka. Muhula wa tatu anaona rangi ikianza kubadilika, anaacha, anaweka kifuu chini na kuchukua kizio cha pili bila mtu kumwambia neno. Nyuma ya karatasi hiyo kuna kadi yenye picha ya nazi na ya noti ya shilingi mia, ambayo huenda nayo dukani, pamoja na maelezo ya muuza duka kwamba siku hizi kijana haondoki kabla ya kupewa chenji.

Mheshimiwa, ukisoma faili hilo utajua mtoto ametoka wapi na amefika wapi. Sasa tazama kadi ya ripoti. Ngazi ni nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Muhula wa kwanza, mbali. Muhula wa pili, mbali. Muhula wa tatu, kukaribia. Mamake alinisikiliza nikimsomea, kisha akauliza, “Kwa hivyo mwalimu, ameweza au hajaweza?”

Swali lake halijibiki kwa ngazi hizo nne, kwa sababu kwa watoto hawa maendeleo hayako kwenye ugumu wa kazi peke yake. Yako kwenye msaada anaohitaji. Kazi ni ile ile ya kukuna nazi kutoka Januari hadi Oktoba. Kilichobadilika ni mkono wa mtu mwingine, ambao ulikuwepo na sasa haupo. Kwa mama huyo tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mtoto wa kushikwa mkono huwezi kumwachia kazi ukaenda shambani. Mtoto wa kuambiwa “geuza” anahitaji mtu kando yake. Anayejua kuacha mwenyewe anaweza kukuna nazi za mama ntilie akalipwa.

Walimu wa vitengo maalum tunalijua hili tangu chuoni, na wengi tunaandika viwango vya msaada katika IEP, ule mpango wa kufundishia mtoto mmoja mmoja: kwa kushikwa mkono, kwa kuguswa, kwa kuambiwa, kwa kuoneshwa ishara, peke yake. Lakini kila shule ina namna yake. Mwenzangu wa ng’ambo ya mto anaandika asilimia, mwingine anaandika nyota, mwingine anaandika “anajitahidi”, neno ambalo ningefurahi likipigwa marufuku. Mtoto akihama shule, faili lake halisomeki huko aendako, na mwalimu mpya anaanza tena kumshika mkono mtoto aliyekwisha kuachiliwa.

Ombi langu kubwa kwa hiyo ni dogo kwa karatasi: safu moja ya kiwango cha msaada, yenye maana moja nchi nzima, katika kila kumbukumbu rasmi ya tathmini ya mkondo wa hatua, na kando yake tarehe.

Hapa kuna jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda. Potifolio inadanganya kwa urahisi kuliko karatasi ya mtihani. Nimepata kuona mafaili ya shule mbalimbali katika vikao vyetu, na kuna mengine yanapendeza mno. Picha ya samaki imepakwa rangi bila kuvuka mstari hata mara moja, na aliyeipaka eti ni mtoto ambaye vidole vyake havikunjuki. Kadi kumi za Sikukuu ya Madaraka, zote na ua lile lile pembeni. Picha ya simu inaonesha sahani zilizooshwa. Haioneshi nani aliziosha. Mafaili ya namna hiyo yanampima mwalimu, na hasa yanapima kama mwalimu ana printa ya rangi.

Wenye uzoefu wa muda mrefu katika jambo hili ni Wamarekani, na yaliyowakuta yanafaa kutazamwa kabla hatujaenda mbali. Jimbo la Kentucky lilibadilisha elimu yake yote kwa sheria ya mwaka 1990, na katika mwaka wa masomo wa 1992–93 likaanza kutumia potifolio kwa wanafunzi wenye ulemavu mkubwa, alama zao zikihesabiwa katika matokeo ya shule sawa na za wengine. Faili lilikuwa na ratiba ya mtoto, ushahidi wa namna anavyowasiliana, kazi zake, na barua ya mzazi. Sheria ya taifa zima ikafuata mwaka 1997, ikiyapa majimbo yote hadi Julai 2000 kuwa na tathmini mbadala kwa wasioweza mtihani wa kawaida. Faida kubwa ilikuwa kwamba walimu wakuu waliokuwa hawajui hata jina la mtoto wa kitengo maalum walianza kuuliza habari zake, maana naye alikuwa na alama.

Kisha yakaja malalamiko. Walimu walitumia makumi ya saa nje ya vipindi kuandaa faili la mtoto mmoja. Watafiti wakauliza alama ni ya nani, ya mtoto au ya aliyepanga faili. Polepole Kentucky ikaacha, na majimbo mengi yakahamia kwenye maswali mafupi ambayo mwalimu humuuliza mtoto mmoja mmoja. Massachusetts, iliyoanza tathmini yake mbadala, MCAS-Alt, mwaka 2001, iliendelea na potifolio kwa zaidi ya miaka 20. Huko kazi moja tu nzuri haikukubaliwa. Ilikuwa sharti kuwe na jedwali la siku mbalimbali ambazo mtoto alijaribu stadi ile ile, na katika kila siku viandikwe vitu viwili kando kando: usahihi wake, na kama alifanya bila msaada. Kupamba picha moja ni rahisi. Kupamba jedwali la miezi, ambalo nusu yake ni kushindwa, ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mtoto.

Virginia nayo ina funzo la upande mwingine. Ilikuwa na tathmini ya mkusanyo wa kazi iliyoitwa VGLA, iliyokusudiwa wanafunzi wachache. Shule zikaona alama zake zinapanda kuliko za mtihani wa kawaida, wakamiminwa humo watoto wengi ambao wangeweza kufanya mtihani, hadi jimbo likaifuta. Sheria ya Marekani ya 2015 nayo inataka wanaofanya tathmini mbadala katika kila somo wasizidi asilimia 1 ya wanafunzi wote wa jimbo wanaopimwa. Sikuombi utuletee asilimia hiyo. Kwetu shida kubwa bado ni mtoto kufichwa nyumbani. Lakini mlango wa kuingilia mkondo wa hatua uwe ule wa vituo vya EARC vya kuwapima watoto wenye ulemavu, ambavyo viko nchini tangu 1984, na mtoto arudishwe huko kupimwa upya baada ya muda. Kiziwi mwenye akili timamu asiwekwe kwenye mkondo huu kwa sababu tu shule haina mwalimu wa lugha ya ishara.

Tukubaliane, basi, kwamba faili limeandikwa kwa ukweli. Linakwenda wapi? Hapa ndipo panaponiuma. Kijana anafikisha miaka kumi na minane, ishirini, kitengo kinamuaga, faili linabaki kabatini mpaka mchwa waligundue. Nimewahi kuandamana na mzazi mpaka chuo kimoja cha ufundi. Afisa wa usajili, bila ubaya wowote, aliuliza cheti. Tukampa faili. Akalifungua, akatazama picha, akasema ni zuri, akalirudisha.

Ajabu ni kwamba vyuo vyetu vya ufundi vyenyewe vinatumia potifolio. Mwanafunzi wa TVET anayepimwa kwa umilisi hukusanya ushahidi wa kazi zake, na mpimaji huusoma kabla ya kumpitisha. Fundi wa jua kali aliyechomelea vyuma miaka mingi bila kukanyaga chuo naye amefunguliwa njia ya RPL, yaani kutambuliwa kwa ujuzi alionao tayari: alete ushahidi wa kazi yake, apimwe, apewe cheti. Serikali yako imekubali kwamba kazi ya mikono inaweza kujisemea bila karatasi ya mtihani. Kwa nini ushahidi wa aina ile ile ukubalike kwa fundi wa miaka arobaini, ukataliwe kwa kijana wa kitengo maalum? Naomba mamlaka ya sifa za kitaaluma, KNQA, na baraza la mitihani, KNEC, wakae meza moja na kutoa hati ya kuhitimu hatua ya ufundi, inayoorodhesha stadi za mtoto na kiwango cha msaada kwa kila stadi. “Anakuna nazi, peke yake. Anahesabu chenji, kwa kuoneshwa kadi.” Mwajiri anaielewa. Afisa wa usajili pia ataielewa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, na kwa kijana huyu kizingiti cha taasisi ni dirisha la usajili.

Mengine nitayapitia upesi. Mafaili yasomwe na mwalimu wa shule nyingine. Tunaweza kubadilishana katika zoni chini ya maafisa wa mtaala wa zoni, CSO, na haitagharimu zaidi ya nauli. Siku za kuandika zitengwe ndani ya muhula. Simu na bando ni za mwalimu mwenyewe kwa sasa, na hilo walimu wa kawaida wanalijua pia.

Moja silipiti upesi. Stadi za maisha ya kila siku zinahusu choo, kuoga, kuvaa, kujisitiri wakati wa hedhi. Mwalimu anayedaiwa ushahidi wa picha au video atafika mahali amwelekezee mtoto kamera pasipofaa. Mtoto huyo hawezi kusema “usinipige picha”. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini mwalimu aliyeko darasani anahitaji sentensi moja ya wizara: stadi za mwilini hazipigwi picha, zinaandikwa tu na kutiwa sahihi na watu wawili, mmojawapo mzazi au mlezi. Wasichana wangu wawili wangelindwa na sentensi hiyo leo.

Najua majibu ya kawaida ni kwamba jambo linahitaji kamati na bajeti. Hati ya kuhitimu huenda inahitaji. Safu ya msaada na katazo la picha zinahitaji waraka wa ukurasa mmoja kwa shule zote zenye vitengo maalum, na waraka huo ukitoka kabla ya muhula ujao, tutaanza kuujaza siku ya kufungua shule.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa kitengo maalum,
Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Afisa Mkuu Mtendaji, KNEC; Mkurugenzi Mtendaji, KICD; Mkurugenzi Mkuu, KNQA.