Barua kwa Rehema kuhusu alama za mama

Nairobi,
Juni 14

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumai hamjambo nyote hapo Voi, na kwamba mama anaendelea kula na kulala vizuri. Barua yako niliipata pamoja na picha ya ile karatasi ya kliniki, na kwa kuwa umeniuliza waziwazi kama alama 15 kati ya 30 zina maana kwamba mama ana dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, nami nitakujibu waziwazi: karatasi hiyo peke yake haitoshi kusema kwamba anayo, wala haitoshi kusema kwamba hana.

Kipimo alichopewa, kile cha kumbukumbu na kufikiri kiitwacho MoCA, kilitungwa Montreal, Kanada, na daktari Ziad Nasreddine na wenzake, wakakichapisha mwaka 2005. Mpaka waliouweka ni alama 26, na anayepata chini ya hapo hutakiwa achunguzwe zaidi. Ni kipimo kizuri kwa watu waliokusudiwa, lakini hebu tazama mama alitakiwa afanye nini: anakili mchemraba kwa penseli, achore saa ya mishale inayoonyesha saa tano na dakika kumi, atoe saba kutoka mia moja mara kadhaa mfululizo, kisha ataje kwa dakika moja maneno mengi awezavyo yanayoanza na herufi fulani. Mtu ambaye hakuwahi kufundishwa herufi atayapata wapi? Kwenye picha za wanyama alipata alama zote tatu, na sishangai, maana kwa mtu wa Taita simba na kifaru ni majirani. Kipimo chenyewe huongeza alama moja kwa mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, ikiwa na maana kwamba aliyemaliza kidato cha nne na mama yetu ambaye hakukanyaga shule wanapewa nyongeza ileile. Kwa hiyo siafikiani hata kidogo na yule aliyemwandikia mama jina la ugonjwa siku hiyohiyo, hasa kwa kuwa hao waliokitunga wana toleo jingine, lililokusudiwa watu wenye elimu kidogo, ambamo mzee huombwa ataje matunda badala ya kuhangaishwa na herufi.

Mwaka jana nilimpima kwa kipimo hicho mzee mmoja wa Dagoretti aliyekuwa seremala. Mchemraba ulimshinda kabisa. Aliishika penseli kama patasi, akachora miraba miwili isiyokutana. Tulipomaliza aliitazama meza yangu, akasema mguu mmoja ni mfupi kwa robo inchi, kisha akanieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuurekebisha bila kuukata ule mwingine. Mkewe alithibitisha kwamba pesa za matumizi bado anazihesabu mwenyewe, na kwamba hajawahi kupotea njia.

Ushahidi wa mke kama huyo ndio watafiti walioufanyia kazi kwa bidii. Kathleen Hall na Hugh Hendrie wa Indianapolis walianza na jamii ya Wakree huko Kanada, kisha wakashirikiana na kina Osuntokun na Ogunniyi wa Ibadan, Nigeria, na kipimo chao kina pande mbili: mzee huulizwa maswali yasiyohitaji kusoma wala kuandika, na ndugu anayemfahamu huulizwa kando ni mambo gani yamebadilika katika shughuli zake za kila siku. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kwamba miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wagonjwa wapya wa dimenshia walikuwa asilimia 1.35 kwa mwaka, ilhali miongoni mwa Wamarekani weusi wa Indianapolis walikuwa asilimia 3.24, ingawa watu wa Ibadan ndio waliokuwa na elimu ndogo ya shule.

Hata hivyo, nisikupe matumaini ya bure. Elimu ndogo haipunguzi alama tu. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, imeiweka miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sonona, upweke, na kupungua kwa uwezo wa kusikia na kuona. Mama ana shinikizo, na tangu mzee wake afariki umeniandikia mara kadhaa kwamba hataki kutoka nje. Huzuni nzito inaweza kumfanya mzee aonekane amesahau kila kitu, na vilevile upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, au dawa za mzio zinazoleta usingizi. Haya yote yana tiba, na hakuna hata moja lililotajwa kwenye karatasi yako kwamba lilichunguzwa. Sijui pia kama aliyempima alivaa barakoa, kwa maana mama husikia kwa kutazama midomo.

Ninachokuomba ni ukae na kaka yako, kwa kuwa ndiye anayeishi naye, muandike yale ambayo mama alikuwa akiyafanya mwaka jana na sasa yamemshinda. Je, chenji bado anairudisha sawa kibandani? Michango ya chama anaikumbuka? Ameshawahi kuacha sufuria motoni, au kupotea njia ya kanisani? Kama kweli mambo hayo yameanza kuharibika moja baada ya jingine, hapo nitakuwa na wasiwasi hata angepata alama 27.

Shule zikifungwa Agosti mleteni huku, kaka yako aje naye, na dawa zote anazomeza mzibebe ndani ya pakiti zake. Nitaomba apimwe na mtu anayezungumza Kidawida, baada ya damu na masikio kuchunguzwa, kisha arudiwe baada ya miezi sita kwa kipimo hichohicho. Nyumbani kwangu mna nafasi, ila lifti ya jengo imeharibika, hivyo niambieni mapema ili nimtafutie mama chumba kwa shangazi, chini.

Wako katika urafiki,
Naliaka