Kwa nini kupiga mvuke chumba kimoja kunakula siku nzima

"Mbona wengine wanapiga dawa nusu saa tu na bei yao ni nafuu?" Swali hili halikauki kwetu sisi tunaoua vijidudu kwenye vyumba vya hospitali na maabara, basi tulijibu.

Mashine si moja. Ya ukungu hurusha matone ya haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5 hadi 7. Tone lina uzito: linatua juu ya meza, uvunguni halifiki vizuri. Ya mvuke huivukiza kwa joto peroksaidi ya asilimia 30 hadi 35 ikawa gesi, ikapenya hadi nyuma ya jokofu. Wodi ya kawaida iliyosafishwa vizuri, ukungu unaitosha, na hatutakuuzia mvuke. Lakini kabati la usalama la maabara linalosubiri kubadilishwa kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana za hewani), au chumba alicholazwa mgonjwa wa Clostridioides difficile, bakteria anayeacha spora, yaani mbegu zake ngumu kuua, hapo ni mvuke.

Kupiga kwenyewe ndiyo sehemu fupi. Kwanza tunaziba kwa nailoni na tepu: matundu ya kiyoyozi, vitambua moshi, upenyo wa chini ya mlango. Droo zinavutwa, makabati yanaachwa wazi. Maboksi, faili na mashuka yanatoka, maana karatasi na pamba hunywa peroksaidi kisha kuitema polepole, na saa za kupunga hewa zinaongezeka. Haingii mtu mpaka kipimo kisome peroksaidi chini ya sehemu 1 kwa milioni hewani. Pua si kipimo.

Njia ya mkato inayotugombanisha na wateja ni kuruka usafi: "dawa si itaua tu?" Damu ina kimeng'enya cha katalasi, kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni; ndilo lile povu la kidondani. Ukipiga juu ya damu iliyokauka, umelipia kuilowesha. Wengine hununua ya asilimia 3 ya duka la dawa na kuitia kwenye bomba la kunyunyizia la bustani. Sakafu inalowa, basi.

Halafu kuna wanaotaka tuondoe kwenye ankara vikanda vya spora, vya kupima kama dawa imeua. Kila kikanda kina spora milioni 1 za bakteria Geobacillus stearothermophilus. Tunavificha chini ya sinki, ndani ya droo, nyuma ya mashine, kisha tunavioteshea kwenye nyuzi 55 hadi 60, vingine hadi siku 7. Kadi ya kupimia inayobadilika rangi, ambayo wengine huitegemea, inasema gesi ilipita, haisemi iliua. Kikanda kimoja kikiota, maana yake spora hazikufa, tunarudia chumba chote.

Mkitaka bei ishuke, safisheni na toeni maboksi kabla hatujafika. Kazi hiyo tukiifanya sisi, tunaitoza kwa saa.