Mafua ya miezi miwili? Hapana, hayo sio mafua

Kila mwaka msimu wa salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, ukianza hapa kwenye duka letu la dawa Mtwara mjini habari ni ile ile, mtu anaingia macho mekundu, leso mkononi, "dada nipe dawa ya mafua ile kali", ukimuuliza yana muda gani anakwambia toka mikorosho ilivyoanza kutoa maua. Yaani miezi miwili! Mafua ya virusi yanakuja na mwili kuuma, pengine na kahoma, wiki au siku kumi yashaondoka. Haya ya kupiga chafya kumi mfululizo ukiamka, kamasi jepesi kama maji, macho yanawasha mpaka kaakaa unalikuna kwa ulimi, na homa hakuna, hiyo ni aleji ya pua. Kwa watoto utamuona anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu, akizoea sana anabaki na kamstari kadogo juu ya pua.

Sasa kuna mzee mmoja wa Tandahimba alikuja mwaka jana, pindo za suruali bado zina unga wa njano, mfukoni ana kichupa cha dawa ya matone ya kuzibua pua, kifuniko kishapotea kaziba na karatasi. Anadondoshea toka mwezi wa tano. Jamani hayo matone ni ya siku tatu, zikizidi sana tano, ukiendelea pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo na wewe unaongeza tena, kwaiyo mwisho kinachokuzibia pua ni kichupa chenyewe. Sikumuuzia kingine na alinuna kweli kweli.

Tukaanza kuongea. Kumbe mfuko wa salfa anauweka chini ya kitanda, anaogopa wezi! Salfa tunaipuliza kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na bila hiyo korosho hupati, sikatai, ila ule unga unachoma pua na macho ya mtu yeyote, sio lazima uwe na aleji, ila mwenye aleji anaumia zaidi maana pua yake ishavimba tayari. Ukipuliza vaa barakoa na miwani, upepo uwe mgongoni, ukirudi oga na nguo zibaki nje, usiingie nazo chumbani.

Afu kuna mto wake wa sufi, anasema una umri wa mtoto wake wa pili. Huko ndani kuna vijidudu vya vumbi, hata havionekani kwa macho, vinapenda joto na unyevu na huku pwani vyote viwili tunavyo vya kutosha, na kinachokusumbua hasa ni kinyesi chao unachokivuta usiku kucha. Shuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya moto kabisa, godoro toa juani. Ukungu wa ukutani masika nao ni hivyo hivyo, mende, manyoya ya paka, na udi (najua wa Mikindani mtanichukia) moshi wake unawasha pua.

Dawa zipo. Setirizini au loratadini, mtu mzima kidonge kimoja cha mg 10 kwa siku. Piritoni ni bei rahisi ila inalaza, wa bodaboda msimeze mkaingia barabarani, na setirizini nayo baadhi ya watu inawalaza. Ikiwa ni kila siku, spreyi ya pua ya steroidi ndo inafanya kazi vizuri zaidi, ila inataka uvumilivu, inaweza kuchukua hata wiki mbili ndo uone raha yake. Kusafisha pua: kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Zile kapsuli za rangi mbili, antibiotiki, hazina kazi kwenye aleji, msinigombeze nikikataa.

Mjamzito na mtoto mdogo tuulizane kwanza. Kifua kikibana au kinapiga filimbi usije kwetu, nenda hospitali, inaweza kuwa pumu. Usaha au damu upande mmoja tu wa pua, hospitali pia.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu, mfuko kauhamishia stoo, kanunua na kufuli. Mto bado anaubishia.