Mdogo wangu, sahani za mama zilikuwepo

Mdogo wangu,

Tangu matanga ya mama yaishe, salamu zetu ni "Shabati shalom" (heri ya Shabati, siku ya mapumziko yetu sisi Wayahudi) ya kwenye simu kila Ijumaa, basi. Mambo yangu umekwisha kuyasimulia ukoo mzima, kuanzia Mbale hadi kwa shangazi Kampala, kwa hiyo na mimi nayaandika hadharani.

Unasema nimekuwa bahili. Unasema Nairobi imenibadilisha, eti tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 nimejifanya askari wa takataka. Si kweli, na unajua. Haya niliyatoa jikoni kwa mama. Nani alifunga uzi mwekundu kwenye vijiko vya nyama na wa buluu kwenye vya maziwa, maana dini yetu haichanganyi nyama na maziwa? Nani alitwambia siku ya Shabati maganda ya ndizi mbivu tuwapelekee mbuzi, kwa sababu kinacholiwa na mnyama bado ni chakula na hakikatazwi kushikwa? Babu na bibi walisali kwa siri Idi Amin alipoipiga marufuku dini yetu Uganda, wakala Shabati zote hizo bila sahani hata moja ya kutupa.

Ninachoshindwa kukisamehe ni siku ya pili ya matanga.

Mama tulimzika vizuri. Sanda nyeupe isiyo na mfuko, kama ya tajiri, kama ya fukara. Raban Gamlieli mwenyewe, mwalimu wetu mkuu wa kale, aliagiza azikwe kwa kitani cha kawaida, maana gharama za maziko zilikuwa zimepanda hadi watu wakawa wanaiacha maiti na kukimbia. Hakuna kilichoharibika siku ile isipokuwa nguo zetu tulizozirarua upande wa moyo, na kurarua huko ni desturi yetu ya maombolezo.

Kesho yake ukaagiza makatoni ya sahani za plastiki, vikombe na uma. Ulisema wageni ni wengi, watachanganya vyombo vya nyama na vya maziwa. Mdogo wangu, tulikuwa tunakula dengu na mayai! Dengu si nyama, mayai si maziwa. Sahani yoyote safi ya mama ingetosha. Akina mama wa jirani walikuwa wameshakunja mikono ya magauni waoshe. Mimi nimekaa kwenye kigoda, maana mfiwa hainuki kuhangaika na vyombo, na wewe umekaa kando yangu. Ukawaambia, mbele ya watu wote, "Acheni hizo. Hapa si kwa maskini."

Jioni ukawatuma vijana wakachome lile rundo nyuma ya jiko. Walimwaga mafuta ya taa. Moshi mweusi ukapita dirishani watu wakiwa wamesimama wanasema Kadishi, sala ya wafiwa, kwa ajili ya mama, na mjomba akakohoa hadi akatoka nje.

Torati inawakataza hata askari wanaozingira mji wasikate miti ya matunda. Maimonidi, mwanasheria wetu mkubwa wa zamani, akaongeza: anayevunja vyombo, anayerarua nguo, anayeziba chemchemi, anayeharibu chakula kwa uharibifu tu, huyo naye amevuka mpaka. Sasa dini gani hiyo ilikutuma ununue plastiki ile?

Najua kazi uliyoifanya. Mimi nikiwa Nairobi, wewe ndiye ulimgeuza mama kitandani, ukamlisha uji, ukafua mashuka yake hadi mikono ikachubuka. Kama hukutaka kuona beseni lingine la vyombo, ungesema umechoka. Ningekuelewa. Watu wote pale wangekuelewa.

Basi nikushauri, kama dada. Wala si kazi kubwa. Kwangu sahani ni za kutosha milo yote mitatu ya Shabati; chafu zinakaa kwenye beseni hadi nyota zitoke na Shabati iishe, ndipo tunaosha. Kabla ya Pasaka yetu, ambayo vyakula vya chachu havikai nyumbani, simwagi unga, naacha kununua mapema na tunaumaliza. Sufuria za chuma nazitakasa kwa maji yanayochemka. Chungu cha udongo, ambacho hakitakasiki, nakifungia kabatini hadi sikukuu ipite. Wanangu hawajawahi kula Shabati kwenye karatasi, na hakuna mgeni aliyewahi kuniita maskini.

Ndiyo, sahani za mama nilizibeba mimi. Umemwambia shangazi kwamba nimeiba urithi. Ningeziacha wapi, katika nyumba ambayo zilirukwa siku ya matanga ya mwenyewe? Kwangu zinatumika kila wiki, za nyama kwa nyama, za maziwa kwa maziwa, na ile yenye ufa naitumia kwa matunda.

Mwaka wa mama unakaribia. Nitakuja Mbale na sahani zote. Usinunue kitu. Wewe pika dengu, zako ni tamu kuliko zangu na mama alisema hivyo hivyo. Kuosha nitaosha mimi. Ila kwanza uwaendee wale majirani uwaombe radhi kwa lile neno.

Nijibu kabla ya Ijumaa jioni. Jua likizama simu yangu itakuwa imezimwa.

Dada yako